Kisamvu cha Serikali

Mwaisha hakujua kwamba alikuwa maskini mpaka serikali ilipomwambia.

Alijua kwamba mumewe, Abasi, amekufa na kumwachia watoto wawili. Aliondoka mzima kwenda kazi ya reli, akarudishwa kwenye machela akitetemeka kwa homa, wakamzika kabla mwezi haujaandama. Alijua pia kwamba paa lake linataka nyasi mpya upande ule mvua inakopigia. Lakini alikuwa na migomba aliyoachiwa na ukoo wa mama yake kwenye mteremko juu ya Bigwa, magimbi kando ya kijito, maharage, kuku, na mikono iliyojua kufinyanga chungu kisichovuja. Msimu wa kodi ulipofika alishuka Morogoro na vyungu na ndizi, akauza, akalipa, akarudi akinung'unika kama watu wote. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuyajua kwa jina jingine.

Kisha akaja Bwana Miche.

Alikuwa na jina lake la Kidachi, la kwao Ujerumani, refu na lenye kukwaruza koo, lakini watu wa milimani hawakuwa na haja ya kuumia. Walimwita hivyo kwa sababu hakupita mahali bila safu ya wapagazi nyuma yake, kila mmoja na kikapu cha miche kichwani. Alikuwa mwembamba, mwenye haya, hakuwahi kumpiga mtu kwa mkono wake, na aliwapenda maskini kwa moyo wake wote. Hapo ndipo ilipokuwa shida. Wazungu wengine walitaka kodi na vibarua. Wakipata, huenda zao. Huyu alitaka watu wafanikiwe, na mtu anayetaka hivyo haondoki upesi.

Siku ya baraza alisimama mbele ya watu na mkalimani wake, Rehani, kijana wa Bagamoyo aliyesoma shule ya serikali. Rehani alivaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri hata huku kwenye tope la mlimani, na alikuwa na sauti nzuri ya kutangazia mambo.

"Bwana anasema serikali imewahurumia," akatangaza. "Kuna nyumba hapa haziwezi kusimama kwa miguu yake. Serikali itazisaidia mpaka zisimame kwa miguu yake."

Watu wakatazamana. Mama Mosi, mama yake Mwaisha, alikuwa ameanza kupotewa na nuru ya macho, lakini ulimi wake haukuwa na kasoro. "Kwani sasa hivi," akauliza, "tumesimama kwa miguu ya nani?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bwana Miche akamwinamia mkalimani wake kuuliza wanacheka nini. Rehani akamjibu maneno machache, na Mzungu akatabasamu, akawainulia watu kofia. Alikuwa ameambiwa wanashukuru.

Kisha yakasomwa majina ya nyumba zitakazosaidiwa. La Mwaisha lilikuwa la kwanza.

"Mimi si maskini," akasema.

"Huna mume," Rehani akamwambia kwa upole.

"Sina. Amekufa kwenye kazi yenu."

"Huna ng'ombe, huna bati, huna akiba."

"Huku nani ana ng'ombe, Bwana Rehani?"

"Basi shukuru kwamba wewe umeonekana."

Aliyeumia zaidi siku ile hakuwa Mwaisha. Alikuwa Yakobo, aliyemwoa Kristina, ndugu yake Mwaisha wa ukoo mmoja. Yakobo alitoka Matombo, kwenye misheni, akaja kuoa huku na kulima ardhi ya wakwe zake. Na aliilima vizuri, maana alikuwa hodari. Migomba yake ilikuwa minene, nyumba yake imekandikwa vizuri, na kwa sababu hiyo jina lake halikusomwa. Yakobo hakulivumilia jambo hilo. Kitu kikigawiwa bure na serikali, kikampita yeye na kwenda kwa wajane, ni aibu kwa mwanamume.

"Mimi nimewazidi nini hawa?" alimlalamikia Rehani baada ya baraza. "Hata mimi ni maskini! Ulizeni watu!"

Jioni yake alimpelekea Rehani jogoo. Asubuhi jina lake likaingizwa. Hivyo ndivyo Yakobo alivyopandishwa cheo akawa maskini.

*

Msaada wenyewe ulikuwa miche ya mpira. Ilitolewa bure, ila ilikuwa na masharti. Migomba ikatwe ili miche ipate jua. Chakula kisipandwe katikati ya mipira, kwa sababu Bwana Miche alikuwa amesoma mahali kwamba mazao mchanganyiko ni desturi ya watu waliokata tamaa. Palizi isikose. Atakayezembea atapelekwa kazi ya barabara. Na msimamizi akija kukagua, apewe chakula na nyumba inayokaguliwa. Msimamizi huyo alikuwa Rehani, naye alipenda sana kukagua.

"Mti huu utatoa utomvu," Rehani aliwaeleza wakati wa kugawa. "Utomvu utaganda uwe mpira. Huko Ulaya kuna magari yasiyovutwa na mnyama, na magurudumu yake ni mpira huu huu."

"Yanakwenda wapi?" akauliza Mama Mosi.

Swali hilo Rehani hakulitafsiri.

Mama Mosi alipewa mche mmoja aushike. Akaupapasa jani kwa jani, akaunusa. "Huu ni muhogo," akasema.

"Si muhogo, bibi. Ni mpira. Unafanana tu. Mizizi yake hailiki, na majani yake ni sumu."

Neno la sumu aliliongeza mwenyewe, kuwatisha watu wasiuchezee.

"Muhogo usiokuwa na muhogo," akasema Mama Mosi, akaurudisha mche kikapuni. "Basi kweli ni wa serikali."

Migomba yake Mwaisha aliikata mwenyewe. Rehani alikuwa ameleta watu wa kumsaidia, akawakatalia. Hakutaka ikatwe na mikono ya watu wasioijua. Alianza na ile iliyokuwa haijazaa, akaendelea na iliyokwisha kuzaa, na alipofika kwenye mmoja uliokuwa umebeba mkungu ambao bado haujakomaa, akakaa chini, panga mapajani, mpaka mama yake akamwita kutoka mlangoni kuuliza mbona kumekuwa kimya. Akasimama, akaukata. Ndizi zile wakazichemsha hivyo hivyo, changa na chungu.

Kwa jirani, Yakobo alikata kila kitu. Masharti yalitaka shamba la migomba tu. Yeye akatoa hilo lote, na magimbi ya kijitoni juu yake. Alipanda mipira mpaka kizingitini. Kristina alilia, akamwambia ile migomba ilipandwa na bibi zake. Yakobo akamwambia bibi zake hawakuwahi kuona gari.

*

Msimu uliofuata njaa ikaingia nyumba zote zilizosaidiwa. Zile ambazo hazikusaidiwa hazikuwa na shida yoyote.

Mwaisha alijaribu kupenyeza maharage katikati ya mipira. Yalikuwa yameanza kutambaa Rehani alipokuja, akainua kanzu yake kwa mkono mmoja na kuyang'oa kwa mkono mwingine, shina moja moja, huku akimwomba radhi. "Si mimi, dada yangu. Ni masharti."

Mwaisha akashuka mpaka kwenye hema la Bwana Miche, kuomba chakula cha watoto. Mzungu alimpokea vizuri, akamwekea kiti. Alimsikiliza Rehani akitafsiri, macho yakamlowa kweli kweli, kisha akazungumza kwa muda mrefu.

"Bwana anasema anakuonea huruma," akasema Rehani. "Lakini akikupa chakula leo, utazoea kupewa. Hutajitegemea tena."

"Mwambie sitaki kupewa. Nilikuwa nacho. Nataka kile nilichokuwa nacho."

Rehani akamgeukia Mzungu, akatamka neno moja. Bwana Miche akaitikia kwa kichwa kwa masikitiko makubwa, akaingia ndani, akatoka na zawadi. Mwaisha akapanda mlima na kikapu kingine cha miche.

Magimbi na kuku vilikuwa vimekwisha kuliwa; siku hizo aliishi kwa vyungu tu, na chungu hakiliwi. Asubuhi moja aliteremka Bigwa na mzigo wa vyungu, akawaacha watoto wake wawili kwa bibi yao. Aliporudi alasiri, kabla hajafika uani, akasikia harufu aliyokuwa ameisahau: kisamvu, kimetwangwa na kuchemshwa mpaka kimelainika, na karanga ndani yake.

Wote watatu walikuwa wamekaa kuzunguka chungu kilichobaki robo. Furaha, binti yake mkubwa, alikuwa analamba vidole.

"Mama," Mwaisha akauliza, "kisamvu umekipata wapi?"

"Si hapo nje? Ule muhogo wako. Nimechuma majani machanga, nimetwanga, nimechemsha toka asubuhi na zile karanga zako za mbegu."

"Mama! Ule si muhogo! Ni mpira! Ni sumu!"

Mama Mosi akafikiri. "Mbona mtamu?" akasema.

Mwaisha akalitupa kapu. Akawashika watoto vichwa, akawatazama macho, akawaamuru watoe ulimi. Alitaka kuwatapisha, akakumbuka kwamba hawakuwa na kitu kingine tumboni tangu jana, akaacha. Kumkimbilia nani? Hema la Bwana Miche lilikuwa mbali, na Rehani ndiye aliyesema ni sumu. Akakaa chini. Akatazama chungu. Kisha akavuta kile kilichobaki, akala chote mpaka chini, haraka haraka, kama mtu anayekimbilia safari asije akaachwa.

Wakakaa mlangoni wakingoja kufa.

Mama Mosi alilala akakoroma. Kila akikatisha koromo, Mwaisha alimrukia na kumtikisa, naye akaamka akimtukana. Mtoto mdogo akaanza kucheza na mchanga. Kivuli cha nyumba kikarefuka, kikavuka uwanja, kikafika kwenye safu ya kwanza ya mipira. Hapo Furaha akamvuta mama yake nguo, akamuuliza kama kuna kingine.

Mwaisha akacheka mpaka akalia. Baada ya hapo akachukua kapu, akaenda kuchuma.

*

Harufu ya kisamvu haifichiki. Haikupita muda, kila nyumba iliyosaidiwa na serikali ilikuwa inatwanga. Kilikuwa kitamu kuliko kisamvu cha muhogo wa kawaida, kizito zaidi, na mti ulichipua upya kila ulipochumwa. Watu wakanenepa kidogo. Mipira ikakonda. Ilisimama mteremkoni na matawi matupu, ikionekana kama imeugua.

Rehani alipokuja kukagua, Mwaisha alimpakulia kama sharti lilivyotaka. Akala, akaongeza, akafuta mdomo. "Hiki kisamvu umekitoa wapi?" akauliza.

"Unajua kilikotoka."

Akatazama nje, akaona matawi, akaruka kama aliyekanyaga siafu. Akamfokea Mwaisha kwamba atamfukuzisha kazi; akasema hili ni kosa la serikali, tena kubwa. Kisha akaomba apewe kidogo cha kuondoka nacho, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu. Kwa Bwana Miche hakusema kitu. Angesemaje, wakati na yeye amekula?

Kwa hiyo Bwana Miche alipopanda na kuona mipira haina majani, alijua ni ugonjwa. Alihuzunika sana. Alichunguza gome kwa kioo chake cha kukuzia, akanyunyiza majivu, akawalipa vijana wamtafutie wadudu. Wakamletea wadudu wa kila namna, na wote akawatia kwenye chupa. Siku nzima alikaa kwenye kiti cha turubai katikati ya shamba la Mwaisha amvizie adui, na adui akamletea maji ya kunywa.

Yakobo ndiye aliyesema. Yeye hakuwa amechuma hata jani; mipira yake ilikuwa imestawi mpaka nyumba ikawa giza, na watoto wake walikuwa wamekonda. Alimwendea Mzungu na kumwonyesha kinu cha Mwaisha, kijani mpaka kwenye mdomo.

Bwana Miche hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizungumza taratibu, akikunja na kukunjua leso.

"Bwana anasema umemuumiza moyo," Rehani akatafsiri, bila kumtazama Mwaisha usoni. "Anasema alikupa mti wa kukutoa kwenye umaskini, wewe ukaula. Sheria hairuhusu mwanamke apigwe kiboko, kwa hiyo hutapigwa. Utakwenda kambi ya barabara Bigwa, ukawapikie vibarua mpaka barabara ifike mtoni. Mipira yako ataitunza Yakobo. Na kuanzia leo wewe si maskini wa serikali tena."

"Hilo la mwisho mwambie asante," akasema Mwaisha.

Alipopita mbele ya Yakobo, Yakobo akamwambia, "Shemeji, nimesema kwa faida yako."

Mwaisha akapita zake. Alikuwa anajua kama angefungua mdomo angelia, na hakutaka kumpa hata hilo.

*

Vibarua wa barabara walikuwa watu wa kila upande: Wakutu, Wasagara, Wanyamwezi waliobaki baada ya kazi ya reli. Chakula chao kilikuwa ugali na chumvi, na baada ya hapo chumvi na ugali. Mwaisha aliwapikia hivyo mpaka nyuso zao za huzuni zikamchosha. Akamwomba msimamizi wa kambi ruhusa ya kutafuta mboga kwa gharama yake. Msimamizi hakuona ubaya wowote kwa mfungwa kugharamia kifungo chake.

Akatuma habari juu kwa mama yake. Wanawake wa zile nyumba nyingine wakateremka na majani, sasa wakichuma kwa akili, tawi hili leo, lile kesho, mti usijulikane. Siku Mwaisha alipopakua kisamvu cha karanga, sahani zikarudi zimelambwa. Mnyamwezi mmoja akasimama na sahani yake, akauliza kama huyu mama ana mume.

Barabara ikafika mtoni. Adhabu ikaisha. Mwaisha akafunga vyungu vyake aondoke, vibarua wakamzuia njiani. Walisema watamlipa wenyewe, kutoka kwenye mishahara yao, apike tu. Akakaa. Akajenga kibanda kando ya njia ya kwenda mjini, akamleta mama yake na watoto. Kisha wenye maduka wa Morogoro wakaanza kutuma watu wao na bakuli, na makarani wa stesheni, na siku za gulio alihitaji wanawake wanne wa kutwanga. Aliwatafuta kutoka nyumba zile zile alizosomwa nazo barazani. Kodi zao walilipa kwa kisamvu, na migomba wakaanza kuirudisha, nyuma ya nyumba, ambako kanzu nyeupe haikupenda kufika.

Wakati huo huo Yakobo naye alikuwa anapanda cheo. Mipira yake iliiva, akaanza kuigema, na mfanyabiashara mmoja mjini alinunua kila donge alilompelekea. Akanunua kofia. Akanunua mwavuli. Akanunua viti viwili vya kukunja, akavipanga mbele ya nyumba, na Bwana Miche alikuwa akiwaleta wageni wake waje wamtazame Yakobo amekaa. Mwaisha alimtumia mtu kuuliza kama angeuza majani ya ile mipira iliyokuwa yake. Yakobo akajibu kwamba majani ni nguvu ya utomvu, na kwamba yeye si mpika mboga.

Chakula alinunua. Kila kitu alinunua, hata ndizi, yeye aliyekuwa akiwagawia watu ndizi. Lakini fedha ilikuwepo.

Kisha asubuhi moja akashuka na mzigo wake wa madonge, na mfanyabiashara akamwambia aurudishe. Yakobo akadhani anatafuta kupunguziwa bei, akapunguza. Akapunguza tena.

"Hata bure siutaki," mfanyabiashara akamwambia. "Nitauweka wapi? Ulaya wamepata mpira mwingine, wa nchi nyingine, mzuri kuliko huu na rahisi kuliko huu. Wako umekwisha."

Yakobo akapanda mlima na mzigo ule ule. Akaupanga ndani ya nyumba, akingoja Ulaya ijutie. Watoto wake wakachonga madonge yakawa ya kuchezea, yakiruka vizuri sana. Hapakuwa na mgomba wa kuangalia wala gimbi la kuchimba. Ilikuwa mipira tu, mpaka kizingitini.

Kristina ndiye aliyekuja kwanza Bigwa, na mzigo wa majani kichwani, bila kumuaga mumewe. Mwaisha akamlipa, akamlisha, hawakuzungumza habari za Yakobo. Akaja tena, na tena. Mwishowe akaja Yakobo mwenyewe. Majani alikuwa ameyajaza kwenye mwavuli uliofunguliwa na kugeuzwa juu chini, akiubeba mbele yake kwa mikono miwili.

Mwaisha alikuwa ameingojea siku hiyo kwa muda mrefu. Alikuwa na maneno aliyoyapanga, na mengine mama yake alikuwa amempangia. Lakini Yakobo alikuwa amekonda mpaka kola ilimpwaya shingoni, na hakuja na visingizio.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Karibu."

"Nimeleta majani. Ni ya ile mipira ya kwako. Nimeyachuma machanga."

"Weka hapo. Umekula?"

"Nimekula," akasema Yakobo, na tumbo lake likamkana papo hapo, kwa sauti.

Mama Mosi akacheka peke yake huko pembeni. Mwaisha akampakulia. Akamlipa majani ya miti iliyooteshwa kwenye mashimo ya migomba yake mwenyewe, na alijiona mjinga kidogo na mkubwa kidogo, yote kwa pamoja. Kuomba radhi, Yakobo hakuomba. Alikula mpaka akamaliza, akaosha sahani mwenyewe. Mwaisha akaona hiyo itatosha.

*

Bwana Miche alikuja kuufunga mpango. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi, na wakubwa wake walikuwa wamemwandikia wakitaka kujua nyumba ngapi zimesimama. Alipanda mlimani akitegemea kukuta magofu. Akakuta wanawake wamevaa kaniki mpya, watoto wenye mashavu, kodi imelipwa. Hakuelewa. Rehani naye aliona kwamba ukweli, kwa mara ya kwanza, ulikuwa na faida, akamleta mpaka kwenye kibanda cha Mwaisha.

Mzungu akakalishwa, akapakuliwa. Akaonja kwa ncha ya kijiko. Akaendelea. Alipomaliza akauliza hii ni mboga gani, na Rehani akamweleza.

Bwana Miche akaweka kijiko chini, akamtazama Mwaisha kwa macho yale yale yaliyolowa, akasema neno.

"Bwana anauliza ulijuaje."

"Mwambie sikujua," akasema Mwaisha. "Mwambie alinilia migomba yangu, na mimi nikaula mti wake. Njaa ndiyo iliyonisukuma, si yeye."

Rehani akavuta pumzi, akatafsiri kwa ufasaha mkubwa. Bwana Miche akasimama, akaupokea mkono wa Mwaisha kwa mikono yake yote miwili, akautikisa. Alikuwa ameambiwa kwamba bila yeye haya yote yasingekuwepo. Na ukifikiri sana, Rehani hakuwa amesema uongo.

Sasa ilibidi Mwaisha ahesabiwe miongoni mwa waliofanikiwa. Lakini alikuwa ameshafukuzwa, na mtu hawezi kufuzu mahali asipokuwepo. Bwana Miche akalimaliza hapo hapo: Mwaisha akarudishwa kwenye umaskini, na kabla chai haijapoa akatolewa tena, safari hii kwa heshima. Wakampiga picha amesimama kando ya mpira mmoja. Walimwomba atabasamu, akakataa. Jua lilikuwa linampiga machoni na kulikuwa na wateja wanangoja.

Yakobo alikuwa uani akichanja kuni. Siku hizo alimfanyia Mwaisha kazi za namna hiyo. Alimsikia Rehani akitangaza habari njema kwa wote waliokuwepo: Bwana ameona matunda ya mpango wake, na hatauacha ufe. Mwezi ujao atakwenda Matombo, ambako kuna nyumba nyingi maskini. Kila nyumba itapewa mipira, kwa ajili ya kisamvu. Ipandwe kwa mistari. Hakuna ruhusa kuchanganya na chakula kingine.

"Na migomba yao?" Mwaisha akauliza.

"Itakatwa," akasema Rehani. "Mti unataka jua." Aliona walivyomtazama, akakunja mabega ndani ya kanzu yake. "Si mimi, dada yangu."

Bwana Miche akaondoka na wapagazi wake, akiwainulia watu kofia mpaka kwenye kona. Yakobo akachomeka shoka kwenye gogo.

"Matombo kuna mama yangu," akasema. "Kuna kaka zangu. Kule migomba imeshikana mpaka unapita chini yake bila kuona mbingu."

"Basi nenda," Mwaisha akamwambia.

"Nikawaambie nini? Mimi ndiye niliyewasimulia kwamba serikali imenitajirisha. Nilikwenda na kofia."

"Waambie siku ya baraza wasiwepo. Waende shamba la mbali, wajifanye wana msiba, watajua wenyewe. Atakayeitwa jina asiitike."

"Na akijitokeza mpumbavu akasema hata yeye ni maskini?"

Mwaisha alimtazama ili aone kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anauliza kwa uchungu kabisa, kama mtu anayemjua huyo mpumbavu na kumpenda.

"Huyo kaa naye," akasema. "Mwonyeshe mikono yako, umwambie inachanja kuni za nani."

Akamfungia kisamvu na ugali kwenye jani la mgomba, Kristina akamletea fimbo, na Yakobo akaanza safari ya Matombo jua likiwa bado liko juu, akipita njia ya mlimani ili asikutane na safu ya wabeba miche.